Ukungu wa Chumba cha Nyuma

Toongabbie, Sydney, Jumapili tarehe 8 Juni 2025
Asubuhi: baridi kali, anga safi, upepo unatoka milimani.

Mama Adam,

Salamu nyingi kwako na kwa mtoto. Nimeanza na hali ya hewa kwa sababu ndivyo ninavyoanza daftari langu kila siku, na mkono umeshazoea. Najua utacheka. Ulikuwa unacheka hata tulipofanya kazi pamoja pale kwenye nyumba ya kutunzia wazee, Seven Hills, ukiniita bibi karani.

Juzi kwenye simu ulicheka pia, ila ulicheka mno, na ndiyo sababu naandika. Kwenye simu wewe unacheka tu. Kwenye karatasi unasema. Melchior wa kanisani kwetu anapita huko kwenu Wagga na lori kila wiki. Atakuletea barua hii pamoja na unga na dagaa, na majibu mpe yeye. Niambie ukweli: huyo mwenye nyumba anawatoa?

Kama anawatoa, njooni. Vanessa, yule binti aliyekuwa anakaa na mimi, amehamia Brisbane kwa dada yake, na chumba chake kiko wazi. Kodi ya nyumba hii siiwezi peke yangu. Nikifika Septemba bila mtu wa kuchangia, na mimi nitakuwa nje. Kwa hiyo usidhani nakuonea huruma. Tunashikana mikono.

Nyumba ni ya zamani, ya matofali, karibu na stesheni. Jiko ni kubwa, na uani kuna mlimau unaozaa. Ubaya wake ni mmoja, na sitaki uje uukute bila kuambiwa: ukungu. Wakati huu wa baridi unakuwa mwingi, hasa upande wa nyuma, na huko ndiko kilipo chumba chenu. Nilimwambia dalali, akanijibu kwamba ni hali ya hewa tu. Ufikirie kwanza kabla hujajibu.

Wako,
Emerance


Wagga, Ijumaa 13 Juni

Shoga yangu Emerance, bibi karani,

Unga umefika, dagaa wamefika, na Melchior naye kafika ananuka dagaa kuliko dagaa wenyewe. Nimemwambia akirudi Sydney na harufu ile mkewe atajua alikuwa kwa mwanamke wa Tanga. Alicheka hadi akasahau kufunga mlango wa lori.

Ndiyo, anatutoa. Anasema ndugu yake anarudi, anataka kukaa hapa. Jirani anasema hakuna ndugu wala binamu. Ni watu wa ujenzi, kampuni yao inachukua nyumba mwaka mzima bila hata kuuliza bei. Baba yake Adam alipotuacha nilikimbilia Wagga kwa sababu mji ni mdogo na kodi ni ndogo. Na kweli, nimeishi. Adam anakwenda shule kwa miguu. Nikipita dukani naulizwa habari za mtoto kabla sijaulizwa ninanunua nini. Sasa mji umebaki mdogo vilevile, kodi ndiyo imekua.

Jumamosi nilikwenda kuonyeshwa nyumba ya vyumba viwili nyuma ya uwanja wa mpira. Foleni ilikata kona. Mbele yangu alikuwa mama wa Kizungu, mzee, amevaa vizuri kama anakwenda kanisani, akaniuliza nimeshatazama nyumba ngapi. Nikamwambia nimeacha kuhesabu. Akanitazama, akasema, "Basi bado mgeni. Mimi nimeshaanza kulala kwenye gari." Alisema hivyo akitabasamu, Emerance. Nikatazama viatu vyake, vilikuwa vimesuguliwa vikang'aa.

Halafu wewe unanitisha na ukungu! Mimi mtu wa Tanga, sawa, lakini nilisoma bweni Lushoto. Tulikuwa tunaamka hatuonani, tunaitana majina mpaka darasani. Wazee wa kule walisema Wajerumani walikuwa wanapanda milima ile kuponya vifua vyao. Na hapa Wagga je? Mwezi huu asubuhi siuoni hata mti wa jirani. Adam anaupenda ukungu kama ice cream. Anatoka nje anaukimbilia mdomo wazi, anasema anakula mawingu.

Kwa hiyo hicho chumba cha nyuma ndicho utupe sisi, wala usimpe mtu mwingine. Ninyi watu wa Uvira mnaogopa kila kitu kisicho ziwa.

Shoga yako,
Mwanakheri


Toongabbie, Jumatano 18 Juni 2025
Asubuhi: mvua, haijakatika tangu jana.

Mama Adam,

Niliposoma kwamba mtoto anaufungulia ukungu mdomo nilicheka peke yangu jikoni, halafu nikaacha kucheka. Ninyi watu wa pwani utani wenu hauna ukuta. Lakini nimekuelewa. Unataka kuniambia kwamba mwenye shida hachagui, na unanisaidia nisione aibu kwa nyumba yangu. Asante.

Hata hivyo mvua ikinyesha namna hii ukungu unazidi, na mimi lazima niseme. Vanessa alikuwa analalamika kifua mwezi wote wa Mei. Alisema ni mafua. Alipofika Brisbane yakaisha. Nitakisogeza kitanda chenu katikati ya chumba, na nimewatafutia blanketi nzito.

Nina swali moja, ulijibu bila utani. Adam ni mzima? Hana shida yoyote ya kifua? Kama anayo niambie, tutafute njia nyingine kabla hujarudisha nyumba ya huko. Mtoto wa miaka sita si mtu mzima.

Emerance


Wagga, Jumanne 24 Juni

Shoga,

Usishangae karatasi hii kuwa na chapa ya hospitali. Nilikwenda kumwangalia mwenzangu wa kazini, nikakosa karatasi nyingine.

Adam ni mzima. Anaruka kama mbuzi. Swali lako nimeliona na nimelijibu, sasa tuliache.

Nyumba nimeshairudisha. Barua ya kuhama nimeisaini, na wale watu wa ujenzi wameshakuja kupima mahali pa kuegesha magari yao, nami nikiwa ndani naosha vyombo. Mmoja alibisha hodi kwa heshima akaniuliza kama jiko linawaka vizuri. Nikamwambia linawaka. Ningemwambia nini?

Melchior anasema atatupakia Ijumaa tarehe nne, Jumamosi asubuhi tuko kwako. Vitu si vingi: kitanda, mashine ya kufulia, masanduku. Nimemwahidi Adam kwamba atakaa dirishani autazame ukungu ukipita kwenye mlimau wako. Ameshakuchora wewe na mlimau. Wewe umekuwa mfupi, samahani.

Usinitumie maswali tena, Emerance. Nitumie ufunguo.

Mwanakheri


Toongabbie, Alhamisi 3 Julai 2025
Asubuhi: mvua nyembamba, mawingu ya chini.

Mama Adam,

Nimekupigia tangu jana, namba haipatikani. Melchior anaondoka jioni hii na nimemwambia akupe barua hii mkononi kabla hajagusa kitanda.

Nimerudia barua yako, na kuna neno halikai. Unasema Adam atautazama ukungu ukipita dirishani. Unapita vipi? Ndipo nikarudi kwenye barua yako ya kwanza, Lushoto, kuitana majina, kula mawingu. Nahofia kwamba toka mwanzo tunazungumzia vitu viwili.

Sikiliza. Ukungu ninaousema haupiti. Ni ule unaoota kwenye mkate. Uko ukutani, ndani, nyuma ya kabati la nguo, umeanzia sakafuni na sasa umenifika kiunoni. Ni mweusi, na pembeni una manyoya ya kijani. Nikiupangusa kwa dawa ya klorini unaondoka wiki moja, unarudi umepanuka. Mto wa Vanessa ulikuwa na madoa upande wa chini. Asubuhi ukifungua mlango wa chumba kile unasikia harufu ya udongo uliofunikwa.

Na kuna jambo jingine ambalo sikukuandikia. Nilimwandikia dalali mara ya pili. Alinipigia, sauti tamu, akasema mwenye nyumba yuko tayari kutengeneza, ila bomba limeoza ndani ya ukuta, kazi itakuwa kubwa na nyumba itabidi iwe tupu. Akauliza, "Bado unataka nipeleke ombi lako?" Nikasema hapana. Toka siku ile ninapangusa na kunyamaza.

Kama Adam ni mzima kweli, tutalala sote chumba cha mbele tuvumilie. Kama kuna kitu unanificha, usipande lori. Nenda kwa mwalimu wake wa shule umwombe hifadhi hata wiki mbili. Nitakuja mwenyewe kwa treni tufikirie.

Jibu kwa simu ya Melchior.

Emerance


Jikoni, Jumatatu 7 Julai 2025
Asubuhi: baridi, madirisha yanatoa jasho kwa ndani.

Mama Adam,

Tunakaa nyumba moja na bado tunaandikiana. Nikirudi kutoka shifti ya usiku wewe umeshatoka kwenda kwenye kazi yako mpya, ukirudi mimi najiandaa, na kwa saa ile moja tunayoonana Adam yuko katikati yetu na masikio yake. Anatujibu kwa Kiingereza, lakini Kiswahili anakielewa chote. Kwa hiyo nakuwekea barua hii chini ya kopo la sukari.

Nataka tuanze pale tulipoachia Jumamosi, kwa sababu hatukumaliza.

Uliingia ukiwa na furaha. Ulikwenda moja kwa moja kwenye dirisha la chumba cha nyuma, ukatazama uani kwenye jua, ukasema, "Haya, bibi karani, ukungu wenyewe uko wapi?"

Nikakuuliza, "Hukusoma barua?"

"Iko kwenye mkoba. Barua ya mtu ninayemfuata niisome ya nini? Nikasema nitaisikia mdomoni mwake."

Nikavuta kabati. Melchior alikuwa mlangoni na godoro kichwani, akauliza, "Niweke wapi, mama zangu?" Ulinyoosha kidole ukakirudisha kabla hakijagusa. Ukasema, "Huu kwetu tunauita kuvu."

"Hata sisi wakati mwingine," nikasema. "Sikuwaza."

"Hukuwaza," ukasema. Halafu ukacheka, na ndipo Adam alipoingia mbio, na nikaona pampu ya bluu ya kuvuta dawa inaning'inia shingoni mwake kwa kamba ya kiatu.

Uliniambia ni ya mafua. Mama Adam, hakuna pampu ya mafua.

Jana jioni alipolala ulikiri. Ulisema tarehe ile ya karatasi ya hospitali mgonjwa alikuwa yeye, siku mbili yuko na kinyago cha hewa usoni. Ulisema kule Wagga kuna watu wawili waliokuwa tayari kukupa chumba, na wote wawili walibadilika waliposikia kifua chake usiku. Ukaniuliza, "Ningekuambia, ungenikubali?" Nilikuwa nimeshavaa koti la kazi, nikatoka bila kujibu. Jibu langu nimelibeba usiku kucha nikigeuza wazee vitandani. Nisingekukubali. Ningekukatalia kwa wema, ningekuombea, na leo sijui mngekuwa wapi. Kwa hiyo sina haki ya kukukasirikia, na bado nina hasira.

Kuwahamishia chumba cha mbele hakutoshi. Leo nimesogeza kochi. Nyuma yake ukuta umeanza kuwa na vidoa.

Karatasi ya kuomba matengenezo iko hapa pamoja na barua hii. Nimeijaza na nimetia sahihi. Nikiipeleka, unajua tutaambiwa nini. Tutapewa muda, na muda ukiisha tutakuwa kwenye foleni kama yule mama yako wa viatu vya kung'aa. Nisipoipeleka, mtoto anaendelea kuvuta ukuta huu kila usiku. Nafasi ya sahihi yako iko chini ya yangu.

Niandikie jambo moja, kwa ukweli: usiku wa kuamkia leo alikohoa?

Emerance


Toongabbie, Jumanne 8 Julai, usiku

Shoga yangu,

Hakukohoa. Alilala kama gogo, hata kugeuka hakugeuka.

Karatasi yako sikuisaini na nakuomba usiipeleke. Nimehama na mtoto huyu mara tano tangu azaliwe. Leo amelala akiutazama ule mchoro wa mlimau, ameubandika na plasta ukutani kando ya kitanda, ameniuliza kama hapa ni "kwetu kwetu" au ni kwetu tu. Nimemwambia kwetu kwetu. Unataka nimwambie nini wiki ijayo?

Tusubiri joto. Septemba ukuta utakauka wenyewe.

Na ukuta nimeshaushughulikia. Jioni nilipita dukani, nikachukua ndoo ya rangi nyeupe, nimepaka chumba cha nyuma chote, na nyuma ya kochi, na ile kona ya bafuni. Njoo uone. Hauonekani tena hata alama. Nyumba imekuwa kama mpya, ungekuwepo ungepiga vigelegele. Rangi inanuka kidogo, nimefunga madirisha kwa sababu ya baridi, asubuhi utafungua.

Uji utaukuta kwenye sufuria. Adam atakuwa ameshavaa, kazi yako ni viatu tu na kumvusha barabara mpaka kwenye shule yake mpya.

Usikasirike. Nimechoka, Emerance. Nataka nikae mahali.

Mwanakheri


Toongabbie, Jumatano 9 Julai 2025
Asubuhi: jua, baridi kavu, hakuna upepo.

Mama Adam,

Hii nampa Melchior akukabidhi kazini, kwa sababu sitaki uisome ukiwa umerudi hapa. Isome yote kabla hujanipigia.

Nilipofungua mlango rangi ilinipiga usoni. Adam alikuwa mezani na koti lake, uji mbele yake haujaguswa, mikono imeshika ukingo wa meza, mabega yanapanda na kushuka. Nilifungua madirisha yote na milango yote. Nikamuuliza kama alikohoa usiku. Akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba mama amesema ni siri. Maneno hayo machache aliyasema kwa pumzi tatu, Mwanakheri. Nilimtoa nje nikamkalisha kwenye ngazi, nikampa pampu, nikakaa naye mpaka mabega yakatulia na akaanza kuniuliza kwa nini malimau hayaanguki.

Alfajiri ulimwacha hapa mezani ukaenda kazini ukiwa unajua. Nakuandikia hivyo mara moja tu na sitarudia. Najua pia kwamba ungekosa siku moja ungekosa kazi.

Sikumpeleka shule kwanza. Nilimpeleka kwa daktari wa pale stesheni. Amemsikiliza mgongo, amempa dawa ya kumeza, amesema arudi saa kumi jioni amsikilize tena, na amesema asilale kwenye nyumba yenye rangi mbichi wala yenye ukungu. Nilimwambia neno hilo kwa Kiingereza nikalirudia, nisije nikakosea tena. Ameandika barua. Kisha Adam akataka shule, akawa anatembea vizuri, nikampeleka. Pampu iko kwa mwalimu wake pamoja na namba yangu na yako.

Halafu nilirudi nyumbani nikakwangua rangi yako kwa kisu cha jikoni, nikapiga picha kilicho chini yake. Nimekwangua sehemu kubwa kuliko nilivyohitaji. Nilikuwa nalia, utaona alama.

Nimepeleka karatasi kwa dalali mwenyewe, pamoja na picha na barua ya daktari, sahihi yangu peke yake. Alisoma taratibu. Akaniuliza, "Una hakika, Emerance? Unaelewa kwamba mwenye nyumba ataihitaji tupu?" Nikamwambia nina hakika. Akasema kwa upole, kama mtu anayekusaidia, kwamba nyumba yenye picha kama hizi mpangaji wake anakuwa mgumu kumtafutia nyingine. Nikamwomba aandike maneno hayo kwenye karatasi. Akacheka, akasema alikuwa anazungumza tu. Lakini mhuri wa kupokea amegonga.

Kwa hiyo nimeitoa nyumba yetu mkononi, na wewe hukukubali. Sina chumba kingine mfukoni. Melchior amesema mkae kwao Macquarie Fields wiki hii. Mkewe ameshatandika sebuleni, na amekataa niseme habari ya wiki ya pili. Mimi nitabaki hapa mpaka wanitoe. Utanichukia kwa muda, na pengine kwa muda mrefu. Mtoto umwambie ukweli, au umwambie ni mimi. Mchukue shuleni, mpitishe kwa daktari saa kumi, na nguo zake nimezifua zote kwa maji ya moto, ziko kwenye mfuko anaochukua Melchior.

Mchoro sikuubandua. Uliingia unyevu nyuma, ungechanika.

Emerance

Saa sita kasorobo mchana. Melchior anangoja barua mlangoni. Shule haijapiga simu. Nimeweka sauti juu kabisa, simu nitailaza chini ya shavu. Nalala.